NYUMBA IKO MBEYA, MWENYE NYUMBA YUKO MBAGALA

Simu ililia saa kumi na moja alfajiri. Nilikuwa nimelala kifua wazi chumbani kwangu Mbagala, feni inazungusha joto lile lile la jana, na kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni msiba. Nani mwingine anapiga saa hizo?

"Shikamoo baba mwenye nyumba."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni mimi wa namba mbili, Mbeya huku. Samahani kwa kukuamsha baba. Chemba imefurika, maji yanaingia kwa mwenzangu wa namba tatu. Halafu kuna baridi hiyo!"

Baba mwenye nyumba! Msomaji, hiyo ilikuwa Juni mwaka 2024, nina miaka 33, sina mke wala mtoto, na mimi mwenyewe napanga chumba na sebule kwa mama mmoja mkali ambaye ukichelewesha kodi siku mbili tu anaanza kufagia mlangoni kwako huku akiimba mapambio. Lakini kule Iyunga, zaidi ya kilomita 800 kutoka kitanda changu, mimi ndiye baba mwenye nyumba.

Nikakaa kitandani najikuna. Nifanye nini sasa? Nipande basi na koleo mkononi? Nikampigia fundi bomba ninayemfahamu kule, hapokei. Nikampigia kijana anayeniangalizia nyumba, simu imezimwa. Mpaka gari la kunyonya maji machafu linafika ilikuwa saa sita mchana, na magodoro mawili ya watoto wa watu yalikuwa yameshaharibika. Nani alipe? Mimi, nani mwingine.

Nasema haya kwa sababu kila nikikaa kijiweni kuna mshikaji ananivuta pembeni. "Kaka, nasikia una mjengo Mbeya. Na mimi nataka kajumba Lushoto, nipangishe, mshiko uwe unaingia, na nikichoka na Dar naenda kupumzika kwenye cha kwangu." Mwingine anaitaka Bukoba, mwingine Arusha. Ndoto tamu hiyo, naijua vizuri sana. Leo acha niisimulie yangu yote, pamoja na ile sehemu ambayo kijiweni huwa siigusi.

TRENI NDIYO ILIYONIPONZA

Mwaka 2013 nilikuwa mwanafunzi wa chuo hapa Dar. Niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja alikuwa mtoto wa Mbeya, na likizo ya Juni akanibeba tukaenda kwao. Tukapanda TAZARA, ile reli iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na Watanzania, Wazambia na Wachina, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi. Sisi tulikuwa tunaishia Mbeya, daraja la tatu, viti vya kukaa wima kama uko kanisani.

Jioni tukapita porini Selous, upande ambao tangu 2019 unaitwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Twiga wakasimama kututazama, ungedhani sisi ndio tumeletwa kwa maonyesho. Usiku kucha vijiji, taa za koroboi, akina mama wanauza mchele na kuku dirishani. Asubuhi, baada ya Mlimba, treni ikaanza kuukwea mlima kuelekea Makambako. Handaki, mwanga, handaki, mwanga. Kila tukitoka upande wa pili hewa imekuwa baridi zaidi. Mtoto wa Temeke mimi, nimevaa fulana ya mpira, natetemeka huku nacheka peke yangu kama mwehu.

Ratiba ilisema tungefika mchana. Tulifika usiku. Mama yake rafiki yangu alikuwa hajalala. Hakutupeleka sebuleni, alituingiza jikoni moja kwa moja, kwenye moto, akaniwekea kigoda, akanipa ndizi za maharage na bakuli la maziwa ya mgando.

"Kula mwanangu. Dar huko hamli? Mbona umekonda hivi?"

Hapo ndipo nilipokwisha.

Tangu hapo kila mwaka nilikwenda, hata baada ya rafiki yangu kuajiriwa Mtwara na kuacha kwenda yeye mwenyewe. Nilipanda mpaka kwenye ukingo wa Ngozi, lile ziwa lililojificha ndani ya mlima uliolipuka zamani. Nilivuka Daraja la Mungu kule Kiwira. Nilioga Ziwa Nyasa pale Matema mpaka ngozi ikakunjamana. Nilijifunza kusema "ugonile" asubuhi na "ndaga" nikipewa kitu, na wazee wa mtaani wakanicheka kwa upendo. Nikirudi Dar nilikuwa napanda basi na gunia la viazi, maparachichi na mchele wa Kyela, majirani wakadhani mimi ni Mnyakyusa.

Mbeya yenyewe ni mji wa watu wa kuja. Ulianza miaka ya 1920 kwa ajili ya dhahabu ya Lupa, kule Chunya. Waliofuata dhahabu wakafuatwa na wafanyabiashara, wakaja wa barabara ya Zambia, wakaja wa reli. Ukawa jiji mwaka 2005. Mwaka 2012 uwanja wa ndege wa Songwe ulifunguliwa, na mwaka huo huo taasisi ya sayansi na teknolojia ya pale Iyunga ikapanda kuwa chuo kikuu, MUST. Chuo kikuu maana yake wanafunzi, na wanafunzi maana yake vyumba. Hosteli hazitoshi wote, kwa hiyo Oktoba na Novemba ukipita Iyunga utaona vijana wana mabegi, wanagonga mageti: "Shikamoo mama, kuna chumba hapa?"

Mwaka 2021 nikiwa nimekaa kwenye kigoda changu kile kile jikoni, nikaona vijana watatu wamerudishwa mlangoni kwa jirani. Balbu ikawaka kichwani. Nikawaza: nanunua nyumba hapa, wanafunzi wananilipa, na kila mwaka nakuja bure. Nilijiona mjanja kuliko wajanja wote wa mjini.

MBUZI KWENYE GUNIA

Fedha nilizipataje? Nilikuwa na kiwanja Chanika, nikakiuza milioni 14. Akiba yangu ya miaka saba milioni 10. SACCOS ya kazini ikanikopesha milioni 8. Jumla milioni 32. Wenzangu waliniambia nimechanganyikiwa: unauza kiwanja Dar ukanunue nyumba porini? Mbeya porini, jamani! Watu wa Dar bwana, ukishavuka Kibaha wao wanaona porini.

Dalali wa kwanza alinipeleka Ilomba. Nyumba ya vyumba saba, bati zima, maji yapo, milioni 28 tu. Muuzaji kijana mchangamfu, miwani ya jua usoni na mawingu yametanda. Hati iko wapi? "Iko kwa mjomba Tukuyu, kesho inakuja." Nikatoa laki tano ya kuonyesha nia. Msomaji usinicheke, wewe ungeona ile nyumba ungetoa hata laki saba.

Jioni nikamsimulia Mama. Akaacha kumenya ndizi, akaniangalia.

"Mwanangu, nyumba hiyo ni ya marehemu fulani. Ameacha watoto wanne. Huyo uliyeongea naye ni wa tatu. Wenzake umewauliza?"

Sikuwa nimemuuliza mtu. Wala sikujua kwamba nyumba ya marehemu inauzwa na msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, na kwamba nje ya hapo unanunua karatasi na kesi. Kesho yake asubuhi nikaenda Ilomba kuuliza taratibu. Nikamkuta dada mkubwa wa yule kijana kasimama getini, mikono kiunoni, hajui chochote kuhusu kuuza. Kijana hayupo. Dalali simu haipatikani. Laki tano yangu mpaka leo inakula maisha huko iliko.

Nyumba niliyoinunua mwaka 2022 ilikuwa ya mwalimu mstaafu aliyekuwa anarudi kwao Kyela kulima. Vyumba vitatu nyumba kubwa, vitatu uani, milioni 32, hapungui hata shilingi. Safari hii nilikwenda kama mtu aliyeumwa na nyoka, akiona jani anaruka. Nililipia upekuzi ofisi ya ardhi nikahakikisha jina lililo kwenye hati ndilo la mzee, na kwamba nyumba haina deni la benki. Nilimlipa wakili. Nilimtaka mke wa mwalimu asaini ridhaa yake, kwa sababu nyumba ya ndoa huwezi kuiuza ukamficha mwenzako, sheria ya ndoa ya 1971 inamlinda. Bibi yule alisaini pole pole, herufi moja moja, halafu akatoka nje akaenda kuushika mti wake wa parachichi. Mimi nilikuwa nahesabu vyumba, sikumtilia maanani. Siku hizi kila nikiuona ule mti namkumbuka.

Majirani wa mipaka yote minne waliitwa, mwenyekiti wa mtaa akawepo, soda zikanywewa. Nikakabidhiwa funguo kumi na moja, ambazo mpaka leo mbili sijui zinafungua nini.

MNYONYAJI MPYA MJINI

Marehemu baba yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi na mtu wa Azimio la Arusha mpaka mfupani. Kwa wadogo zangu ambao mnalisikia tu kwenye redio, Azimio la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 Serikali ikatwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwenye nyumba alichorwa kwenye katuni ana tumbo na mrija. Miiko ile ililegezwa mwaka 1991 kule Zanzibar, na leo viongozi kwa wananchi wote tunapangisha. Lakini nilipoandika mkataba wa kwanza wa mpangaji, kodi ya miezi sita kwa mkupuo, nilimsikia mzee akikohoa.

Sasa tuongee ngawira, maana najua ndiko mnakosubiri. Hesabu niliyoipiga kabla ya kununua ilikuwa hivi: vyumba sita, kila kimoja 45,000 kwa mwezi, miezi kumi na miwili. Jumla 3,240,000 kwa mwaka. Kwa nyumba ya milioni 32 hiyo ni kama asilimia 10. Nikaiandika kwenye karatasi, nikaibandika ukutani, nikawa naitazama nikipiga mswaki.

Mwaka wenyewe ulipokuja ukasema mengine. Wapangaji wawili ni wafanyakazi, hao walilipa miezi yote kumi na miwili. Wanafunzi watatu walilipa miezi kumi, kwa sababu chuo kikifungwa wanarudi makwao na hakuna mwanafunzi duniani anayelipia kitanda asicholalia. Chumba namba tano kilikaa na mtu miezi sita, halafu nikaambiwa kitupu. Jumla ikawa 2,700,000. Toa 600,000 za kijana wa kuangalia nyumba, elfu hamsini kila mwezi. Toa asilimia 10 ya pango ya TRA, 270,000. Toa chemba na yale magodoro, 410,000. Toa bati tatu zilizoezuliwa na upepo na kenchi moja iliyooza, 220,000. Toa safari zangu tatu, basi kwenda na kurudi na chakula cha njiani, 540,000. Nilibaki na shilingi 660,000. Asilimia 2! Na hapo riba ya SACCOS sijaigusa. Hatifungani za muda mrefu za Serikali kwa miaka mingi zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10, na hatifungani haikupigii simu alfajiri.

Kuna na vitu vidogo ambavyo havikai kwenye hesabu. Luku ni moja, wapangaji sita, na mmoja ana jiko la umeme analolificha chini ya kitanda. Tena tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye luku, kwa hiyo anayenunua umeme analipa kodi ya nyumba yangu mimi. Wanafunzi hawa wanasoma uhandisi, hesabu wanazijua. Walinitumia meseji yenye jedwali, wakataka niwarudishie. Nikawarudishia. Walikuwa sahihi, ila ile "asante kwa ushirikiano" waliyomalizia iliniuma kidogo.

Na likizo je? Ndiyo hapo sasa. Safari zile tatu sikupanda Ngozi hata mara moja. Siku ya kwanza nilikuwa Mwanjelwa natafuta bati, siku ya pili nagombana na fundi, ya tatu nasikiliza mashtaka: namba nne anapiga muziki, namba sita hafagii uwanja zamu yake ikifika. Zamani nikitokea mtaani watoto walikuwa wanakimbilia begi langu. Siku hizi nikitokea milango inafunguliwa pole pole, na kila anayenisalimia ana bomba linalovuja.

NAMBA TANO

Sehemu ambayo kijiweni siisemi ndiyo hii.

Kijana aliyekuwa ananiangalizia nyumba alikuwa mdogo wake rafiki yangu, mtoto wa mwisho wa Mama. Sikumtafuta mtu mwingine, ningemtafuta wa nini? Nilimjua tangu akiwa na kaptula ya shule. Ananiita kaka, namwita mdogo wangu. Kila mwisho wa mwezi namtumia elfu hamsini kwa simu, ananiletea habari. "Namba tano bado kitupu kaka, dari linavuja, watu wakiliona wanakimbia." Nikamtumia na hela ya dari.

Agosti mwaka ule wa 2024 nilikwenda bila kumwambia mtu. Sikuwa na nia mbaya, nilipata siku nne za mapumziko na joto la Dar lilikuwa limenichosha. Nilishuka Iyunga giza limeingia. Nikapita uani. Namba tano taa inawaka, dirishani pazia la maua, harufu ya dagaa wa kukaanga. Nikagonga. Akatoka dada mmoja wa makamo yangu, mtoto mgongoni.

"Karibu kaka. Unamtafuta nani?"

"Mimi ndiye mwenye nyumba."

Akanitazama kutoka juu mpaka chini, bila dharau, kama mtu anayemhurumia mgonjwa.

"Hapana kaka. Mwenye nyumba namjua."

Akamtaja mdogo wangu.

Alikuwa amekaa miezi sita, analipa elfu thelathini kwa mwezi, anauza ndizi mbivu Mwanjelwa, mumewe alikwenda machimboni Chunya na hajasikika. Dari halikuwa linavuja. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mlangoni kwake, nikaomba maji ya kunywa.

Yule kijana alikuja usiku ule ule, habari zilishamfikia. Nilitegemea atalia au atakataa. Hakufanya hata moja.

"Kaka, nimekosa. Lakini na mimi nisikilize. Elfu hamsini kwa mwezi. Usiku napigiwa mimi, siyo wewe. Ile chemba kabla gari halijafika niliizibua kwa mikono yangu hii. Wapangaji wakikukasirikia wananitukana mimi. Wewe ukija unakaa siku nne, unapiga picha mlima, unaondoka."

Wizi ni wizi, na pale nilimwambia. Ila usingizi sikupata. Nilikuwa nimepiga hesabu ya bati, ya luku, ya nauli, mpaka ya soda za mashahidi. Ile elfu hamsini sikuwahi kuipigia hesabu hata siku moja. Niliitaja tu siku ya kwanza, naye akaitikia, kwa sababu mimi ni kaka yake na huwezi kumwambia kaka kwamba haitoshi.

Nilikusudia Mama asijue. Kwa mtaa wa Iyunga hiyo ilikuwa ndoto. Siku ya tatu asubuhi nikamwona anakuja, kajifunga khanga mbili, anatembea taratibu. Nikatoka kumpokea, nikainama, shikamoo Mama. Aliitikia. Hakutaka kuketi. Akafungua fundo la khanga, akatoa noti zimekunjwa, akaniwekea mkononi.

"Hesabu."

"Mama, ni za nini hizi?"

"Hesabu, baba mwenye nyumba."

Zilikuwa laki moja na elfu themanini. Thelathini mara sita. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba aliuza nguruwe aliyekuwa anamlea kwa ajili ya Krismasi. Nilimrudishia, akaficha mikono nyuma. Nikamwambia mimi ni mwanao, akasema watoto wake yeye anawajua, na cha mtu nyumbani kwake hakiliwi. Akaziweka juu ya ndoo, akaweka jiwe dogo juu yake zisipeperuke, akaondoka. Miaka kumi na moja aliniita mwanangu, tangu ile usiku wa treni. Neno lile "baba mwenye nyumba" nilikuwa nalicheka likitoka kwa wanafunzi.

Rafiki yangu wa Mtwara alinipigia. Hakunilaumu wala hakumtetea mdogo wake. Tuliongea habari za mpira dakika kumi, tukaagana.

Kijana sasa anaendesha bodaboda Mafiati. Nilimwambia abaki, nimpandishie iwe elfu themanini, akasema asante kaka, hapana. Nyumba inaangaliwa na yule dada wa namba tano. Halipi kodi, na kila mwezi namtumia elfu arobaini juu yake. Ana daftari la shule ambalo anaandika kila kitu, mpaka siku paka aliyovunja tofali la dirisha. Tangu aanze sijapigiwa simu alfajiri. Wanafunzi wanamwogopa kuliko mimi. Fedha ninayobaki nayo bado ni ndogo, ingawa mwaka uliofuata hakuna bati lililong'oka na ilifika milioni moja na ushee. Mshikaji mmoja ananishauri niuze, nihamishie kwenye hatifungani. Kwa hesabu zake hana kosa lolote. Nilimwambia nitafikiri, na nimeshafikiri, siuzi, na sina sababu ya kumpa itakayomwingia akilini. Wewe unayetaka Lushoto, kama sababu yako ni asilimia 10, nenda benki kesho asubuhi na kitambulisho chako. Kama ni ile hewa ya baridi, nyumba ya wageni ya Lushoto itakupa hewa ile ile na asubuhi watakuletea chai.

Laki moja na themanini ipo kwenye bahasha, sijaitumia. Mara ya mwisho nilipopita kwa Mama nilipokewa vizuri. Nilikaribishwa sebuleni, kwenye kochi lenye vitambaa, nikaletewa chai kwenye kikombe cha wageni, kile chenye ua la dhahabu. Chai ilikuwa nzuri. Nilisikia moto unalia jikoni na watu wanacheka huko.

Ijumaa hii nakwenda tena, basi la saa kumi na mbili asubuhi kutoka Mbezi. Nimenunua nazi kumi na samaki wa kukaanga wa Feri, maana Mama anawapenda. Nimeamua sitagonga mlango wa mbele. Nitazunguka nyuma, niingilie jikoni.